Uzi wa Bandi

Usiku ule wa mchango umeme haukukatika hata mara moja,
tukajazana kwa Lumona muuza spea,
yeye ndiye mwenye televisheni isiyohitaji kofi.
Wengine juu ya madumu, wengine juu ya matairi,
mimi mlangoni, futi yangu shingoni, nimesahau kuivua.

Mtangazaji alikuwa na sauti ya asali iliyopashwa moto.
Chini ya kidevu chake namba zilipita mbio,
milioni arobaini, arobaini na moja na nusu,
kama mita ya maji ya nyumba ya mtu mwingine.

Akaletwa mtoto aliyeungua uso; Bukuru akatoka nje kuvuta sigara.
Akaletwa bibi anayelea wajukuu tisa;
binti wa duka la dawa akalia hadi wanja ukamtiririka,
kisha akauliza kama tamthilia itakuwepo.
Lumona akasema, "Mtu akilia vizuri hivyo, amefundishwa."
Sauti nyuma ikasema, "Njaa haihitaji mwalimu."
Nyingine ikasema nyamazeni, wanataja namba ya kutuma.

Halafu akaja Nyabenda.
Wa hapa hapa Katubuka, muuza mawese kwa kipimo cha chupa ya soda,
na Yoramu wake mgongoni, midomo rangi ya zambarau.
Tundu la moyo, wakasema, wakachora moyo kwenye skrini,
mshale ukaonyesha pale damu inapopotea njia.
Tulipiga kelele sote kana kwamba tumeshinda kitu.
Nyabenda! Nyabenda huyo!
Kisha kelele ikafa, maana alikuwa anasema
mambo ambayo hajawahi kutuambia sisi
tunaochota naye maji bomba moja:
kwamba usiku huweka mkono kifuani mwa mtoto
akihesabu,
na akipitiwa na usingizi
huamka akamwomba mtoto radhi.

Mama Ntakije ndiye aliyevunja kimya.
"Lakini gauni hilo! Anayeomba huvaa hivyo?
Kitenge cha tausi, mikono ya maputo,
mbona hata mimi langu..."
Hakumaliza.

Gauni lilikuwa lake.

Siku walipofika wenye kamera, Nyabenda alinijia mbio
na khanga iliyochoka mpaka maandishi yamefutika.
"Wameipenda hii," alisema. "Wanataka nibaki nayo.
Fundi, nisitiri."
Ukutani zilining'inia nguo tatu; moja tu ingemtosha.
Na sasa pale kwapani, mbele ya nchi nzima,
niliuona uzi wangu mweupe wa bandi,
haujatolewa, unacheza kila akipumua.
Niliutazama huo kuliko machozi yake.
Mungu anisamehe, ufundi ni ugonjwa.

Watu wakatoa simu.
Bukuru alirudi, akakopa mia tano, akaituma.
Lumona aliapa kuwa zitaliwa njiani,
lakini simu yake ililia mfukoni, ikamsaliti.
Mimi nilituma elfu mbili; ujumbe ukaniita Mpendwa Mchangiaji,
mimi ambaye mlango wangu na wa Nyabenda
vimetengana hatua arobaini.

Jumamosi Mama Ntakije alikuja kuchukua nguo.
Aligeuza ndani nje, akapitisha kidole begani,
pale nilipofua mara mbili
na udenda wa mtoto ukakataa kutoka wote.
Nilishika mkasi, sina cha kukata.
"Fundi," alisema, "cherehani yako siku hizi inatema maziwa?"
Nikasema labda ni mafuta.
"Labda," alisema, akahesabu pesa yote,
yeye ambaye huomba punguzo hata la vifungo.
Akafika kizingitini, akageuka.
"Na yule, chumba chake ni kipi?
Chenye mlango wa bati, au wa mbao?"